Uso wa Mama Kwenye Kaunta

Mimi sipendi kushikwa mkono dukani. Nikiingia supamaketi naingia na karatasi yangu, nanunua nilichoandika, natoka. Lakini mwezi uliopita, hapa Isiolo mjini, nikiwa natafuta sabuni ya kufulia, msichana mmoja aliyevaa koti jeupe alinidaka kiganja na kunifinyia krimu nyuma ya mkono kabla sijasema lolote. "Mum, kaa hapa kidogo tu. Leo tunapaka bure, utatoka mpya kabisa." Nilitaka kumkaripia. Halafu harufu ya poda iliyokuwa wazi kwenye meza yake ikanifikia, ile poda tamu inayonuka biskuti na maua makavu, na mimi mtu mzima, mama wa watoto wawili, nikasimama kati ya sabuni na shampuu nikilia. Maskini msichana alidhani krimu imeniunguza. Alikimbia kutafuta maji.

Haikuwa krimu. Ilikuwa ni mama yangu, ambaye tulimzika majuzi tu kabla ya Ramadhani, na jambo moja nililomfanyia nikiwa na miaka tisa. Sijawahi kuliandika. Nyinyi wa rika langu, mliovaa viatu vya plastiki vilivyochoma nyayo saa sita mchana na kupakwa mafuta ya mgando mpaka mkang'aa, bila shaka kila mmoja ana la kwake ambalo hajamwambia mzazi. Hili ni langu.

Tulikaa mtaa wa Bulla Pesa, nyumba ya mabati ya vyumba viwili na ua wa miiba. Baba alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Alikuwa akienda soko la Oldonyiro kununua, anawaleta kwa lori, anawauza mjini. Mama aliuza maziwa ya ngamia pale sokoni, kila asubuhi, na wateja wake wengi walikuwa Wameru na watu wa ofisi za serikali. Nyumbani tuliongea Kiborana. Kiswahili cha mama, kwa jinsi nilivyomjua mimi, kilikuwa cha sokoni tu: karibu, ongeza, hapana hiyo ni ya jana, leta chupa. Yakizidi hapo ananigeukia mimi niliyesoma. Wallahi nilijiona profesa.

Na alikuwa mrembo, mama. Tena alijua, na alijitunza. Nyuma ya nyumba alikuwa na kishimo chake cha moshi, kama wanawake wetu wengi. Alasiri akishamaliza kazi anatia makaa, anatia vijiti vya miti yenye harufu na ubani, halafu anakaa juu yake akiwa amejifunika shuka zito, jasho linamtoka, mpaka ngozi na nguo zote zinukie. Akitoka hapo anapaka wanja, anaangalia kama hina ya vidole imefifia. Baba alikuwa akifika mlangoni anasimama kwanza, anavuta pumzi, anauliza, "Leo hapa kuna harusi ya nani?" Kila siku swali lile lile, na kila siku mama anacheka.

Kisha lori likapinduka wakirudi kutoka Oldonyiro, na baba akafa palepale.

Kifo nilikielewa. Nilikuwa nimeona mbuzi wakifa, na ndama, na babu. Kilichonishinda kuelewa ni kilichompata mama baada ya mazishi. Alivaa gauni moja la kahawia lililopauka, akalifua, akalivaa tena. Wanja akauacha. Hina ikaisha kwenye vidole ikabaki kucha tupu. Siku moja nikamkuta anafukia kile kishimo cha moshi kwa mchanga, anakandamiza kwa mguu. Hakunukia tena chochote ila maziwa na sabuni ya mche. Upepo wetu huu wa Isiolo mnaujua, hauna huruma na uso wa mtu, na uso wa mama ukakauka ukaanza kupasuka pembeni mwa pua na midomo.

Wanawake wakija kumtazama walinong'ona. "Zimebaki siku ngapi?" "Anavumilia?" "Mungu ammalizie salama." Na mara kwa mara neno hilohilo: eda. Amekaa eda. Bado yuko eda. Mimi nikiingia na vikombe wananyamaza, maana kwetu mambo ya wanawake watoto hawakuelezwa, ukiuliza unatumwa maji. Hakuna aliyeniketisha chini akaniambia kwamba mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi bila kujipamba wala kujitia manukato, kwa ajili ya mumewe. Basi nikajiamulia mwenyewe kwamba eda ni ugonjwa. Ulikuwa na siku zake, ulikausha ngozi, ulimaliza nguvu, na watu waliomba mgonjwa atoke salama. Ungekuwa wewe una miaka tisa ungefikiri nini?

Hapo mngesema, mtoto akifikiri hivyo shida iko wapi. Shida alikuwa Adada. Adada ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kiborana, na huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, aliyeolewa huko Kinna, mbali na mjini. Walikuwa na shamba la nyanya na vitunguu kando ya mfereji, na watoto wanne, wote wavulana. Tangu matanga alikuwa akinitazama kwa jicho la mtu anayepima kitambaa. Siku moja nikamsikia nje ya mlango akimwambia mzee wa ukoo kwamba binti wa ndugu yake hawezi kulelewa na mwanamke wa kuuza maziwa peke yake mjini, amchukue yeye. Mzee akamjibu polepole: "Subiri. Mwacheni mama yake amalize eda yake vizuri. Akimaliza vizuri, mtoto anabaki naye na shule yake, hivyo ndivyo marehemu alitaka. Tutakaa kikao siku hiyo."

Nilishika maneno hayo yote. Akimaliza vizuri, nabaki. Asipomaliza vizuri, naenda Kinna kwa Adada na wavulana wake wanne. Kuanzia hapo kila asubuhi niliamka nikimwangalia mama uso kuona kama anapona. Hakuwa anapona hata kidogo.

Wakati huo ndipo ile supamaketi kubwa ya kwanza ilikuwa imefunguliwa karibu na stendi. Chini vyakula, juu nguo na viatu, na penye ngazi kulikuwa na kaunta ya vioo yenye taa zake, imejaa vichupa na makopo. Baada ya shule tulipita huko sisi watoto kupulizwa na baridi ya mashine yao na kufukuzwa na bawabu. Kwenye kaunta alikaa dada mmoja wa kutoka Meru, jina lake Kendi, amevaa koti jeupe safi. Mimi koti jeupe nilikuwa nimeliona mahali pamoja tu, hospitali. Na nyuma yake kulikuwa na bango kubwa la mwanamke mmoja, nusu ya uso imechakaa, nusu inang'aa.

Siku moja wenzangu walipofukuzwa mimi nikabaki nimejibanza. Nikamwuliza, "Huyo kwa picha alikuwa mgonjwa?"

Kendi akacheka. Alikuwa na mwanya, na roho nzuri, hilo lazima niliseme. "Alikuwa amechoka tu na maisha, mrembo wangu. Tukamfanyia."

"Inaponya ngozi iliyopasuka?"

"Hii? Hii inaponya kila kitu. Lete mamako hapa, dakika kumi tu, atarudi msichana. Wiki hii ni bure, kampuni ndiyo inalipa." Akanipaka poda kidogo puani. Nilienda nayo mpaka nyumbani, nikinusa pumzi yangu mwenyewe.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu nimejitetea miaka mingi kwa kusema nilikuwa mtoto, sikujua. Nilijua kidogo. Nilijua zile ni rangi, nilishaona majirani zetu wakipaka lipstiki Jumapili wakienda kanisani. Nilijua pia kwamba mama alikuwa ameacha wanja kwa makusudi. Lakini niliweka ujuzi huo upande mmoja, nikaweka koti jeupe upande wa pili, nikachagua koti. Kinna ilikuwa inakaribia.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Mama alikuwa na ruhusa ya wazee kutoka mchana kwa ajili ya maziwa yake, maana tungekula nini. Siku ile maziwa yalikwisha mapema, akasema tupite tununue sukari ya wageni wa kikao. Nikamwambia, "Ayyo, twende pale supamaketi. Kuna daktari wa ngozi amekuja, anatibu bure." Ayyo ni mama kwetu. Aliniangalia, akajigusa mdomo uliopasuka, akasema haya, twende tumwone.

Kendi alipotuona akaruka kutoka kwa kiti. "Habari, mum! Huyu ndiye mama? Ai, na uso mzuri hivi umeachwa hivi? Kaa, kaa." Akavuta kiti kirefu cha kuzunguka.

Mama hakukaa. Alitazama makopo, akatazama taa, akatazama koti. Akaniambia kwa Kiborana, taratibu, "Mwulize. Hii ni dawa, ama ni urembo? Kama ni dawa naweza kukaa."

Nikamgeukia Kendi. Sikumwuliza swali la mama. Nilisema, "Anauliza kama ni bure kweli."

"Bure kabisa! Mwambie ni urembo wa kisasa, ngozi itang'aa, jioni mzee wake akirudi hatamtambua!"

Nikamgeukia mama. "Anasema ni dawa."

Mama alinitazama. Nakumbuka alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake, na mimi nikadhani anafikiria kuhusu sukari. Kisha akapanda kwenye kiti, akalegeza mtandio, akafumba macho.

Kendi alifanya kazi yake kwa ustadi. Kwanza alimfuta uso kwa pamba iliyoloweshwa, polepole, paji la uso, mashavu, chini ya kidevu. Alimwekea kiganja chini ya taya kumshikilia kichwa, na mama akalegeza shingo, akauacha uzito wote wa kichwa chake kwenye mkono wa mtu asiyemjua. Sijawahi kumwona mama amelegea hivyo mbele ya mtu. Akapakwa krimu, akapakwa ile poda. Kisha machozi yakaanza kumtoka chini ya kope, hayana sauti, moja baada ya jingine. Kendi akayafuta kwa pamba bila kuuliza neno. Mimi nikamshika mama goti nikamwambia, "Vumilia, Ayyo, dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi." Akapakwa wanja, akapakwa midomo rangi ya komamanga.

"Sasa angalia!" Kendi akageuza kioo.

Jamani, alikuwa amerudi. Alikuwa yule mama wa zamani, wa alasiri, wa harusi ya nani leo. Nilipiga makofi. Nikasema moyoni, nimeiweza eda, nabaki Isiolo. Mama alijiangalia kwenye kile kioo bila kupepesa, na mkono wake ukaenda kwenye shavu ukaishia njiani.

"Subhanallah."

Sauti ilitoka nyuma yetu. Adada alikuwa amesimama penye mlango wa sehemu ya vyakula, kikapu mkononi. Alikuwa amekuja mjini na nyanya zake, akaingia kununua majani ya chai ya kutuletea sisi. Alimtazama mama kuanzia midomo mpaka macho, na uso wake haukuwa wa hasira kama nilivyotarajia. Ulikuwa wa mtu aliyepigwa. "Ndugu yangu," alisema kwa Kiborana, "hata udongo wake haujakauka." Akaweka kikapu chini, akatoka bila kununua kitu.

Mama alishuka. Akavuta ncha ya mtandio akajifuta, na ile rangi ya midomo ikatapakaa mpaka shavuni. Kendi alikuwa anauliza, "Kwani kuna nini? Nimefanya nini?" na hakuna aliyemtafsiria. Tulitembea mpaka nyumbani, mama mbele, mimi nyuma, sukari tumesahau. Nyumbani alinawa kwa sabuni ya mche mara nne, mara tano, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Nilingoja aniulize. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, kwamba Kendi ndiye alisema dawa. Lakini hakuniuliza kamwe.

Kikao kikawa siku ya pili baada ya eda kwisha, Ijumaa, baada ya swala ya alasiri. Wazee watatu wakaketi kwenye mkeka sebuleni kwetu, Adada kando yao, mama karibu na mlango. Kufikia hapo nilikuwa nimeshajua eda ni nini. Msichana jirani alinieleza tukiteka maji, akanicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilisimama nyuma ya pazia na sinia la vikombe.

Adada alisema alichokiona, hakuongeza chumvi. Akamaliza kwa kulia. Mzee wa ukoo akamwambia mama kwa upole, "Binti yetu, pengine hukujua ni kitu gani. Kiswahili si lugha yako, na watu wa mjini wana maneno mengi. Pengine ulidanganywa. Kama ulidanganywa, sema tu, iishe hapa."

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi kabisa. Wazee wenyewe ndio waliufungua. Alichotakiwa ni kusema: mtoto aliniambia ni dawa.

"Sikudanganywa," mama alisema. "Nilijua."

"Mtoto si alikuwa pamoja nawe?"

"Mtoto hana habari."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo nyuma ya lile pazia. Nilitakiwa kupiga hatua mbili tu na kusema maneno matano. Nikafikiria jinsi Adada atakavyonitazama, jinsi mzee atakavyonitazama, mwongo wa kumwangusha mama yake kwenye eda, na mdomo ukajifunga wenyewe. Nikaingia na chai nikiangalia sakafu. Walipomaliza kunywa wakasema mtoto aende Kinna.

Niliishi Kinna miaka minane, mpaka nikamaliza sekondari. Adada hakunitesa. Ningependa kusema alinitesa, ingenisaidia, lakini alinisuka nywele kila Ijumaa, alinilipia shule, na wale wavulana wanne walinipenda kuliko walivyopendana wao kwa wao. Nililala na njaa ya kitu kingine. Nilikuja kwa mama kila Idi, siku tatu. Ananipikia, ananipa nguo, ananiuliza masomo. Mimi naangalia sahani. Yeye anaangalia mlango. Siku tatu zinaisha. Nilikuwa naamini mama yangu alisema uongo mbele ya wazee ili kunifunika mimi, na kila nikimwona uongo ule ulikuwa umekaa katikati yetu. Kile kishimo cha moshi hakukifukua tena. Watu wawili walikuja kumposa, akakataa wote.

Nilipopata kazi nikarudi Isiolo, nikamchukua mama akae nami na watoto wangu. Miaka sita tumekaa nyumba moja. Miaka sita! Kila siku nasema leo nitamwambia, halafu mtoto analia, au ugali unaungua, au jirani anabisha hodi. Mwoga hakosi kazi za kufanya.

Nilimwambia mwaka huu. Ilikuwa mchana, tumekaa barazani, yeye kwenye mkeka wake na mimi kwenye kigoda, sinia la mchele katikati, tunachambua mawe. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, anachambua zaidi kwa vidole. Sijui nini kilinisukuma. Nikasema, "Ayyo, ile siku ya yule dada wa koti jeupe. Nilikudanganya. Hakusema ni dawa."

Vidole vyake havikusimama. "Najua."

"Unajua vipi?"

"Miaka yote ile nikiwauzia Wameru maziwa, ulidhani sijui neno urembo?" Akatupa jiwe uani. "Nilimsikia vizuri. Nilimsikia hata aliposema mzee wangu hatanitambua jioni."

Nikamwuliza, "Sasa mbona ulikaa?"

Alichambua kidogo kabla ya kujibu. "Tangu babako afe watu walinipa mkono tu, kwa ncha za vidole, kama wanaogopa nitawaambukiza. Miezi minne hakuna mtu aliyenigusa uso. Ulipoleta neno lako la dawa, nikasema kama mtoto ameniambia ni dawa, basi acha nijifanye nimeamini. Dakika moja tu. Halafu yule msichana akaniwekea mkono hapa," akajigusa chini ya taya, "na mkono wake ulikuwa na joto, nikashindwa kuinuka." Akarudi kwenye mchele. "Kwa wazee sikusema uongo. Nilikupoteza kwa kupenda kuguswa dakika kumi. Kila Idi ukija nilitaka kukuomba msamaha. Nikikuona unaangalia chini, najiambia, mtoto bado ana hasira na mimi."

"Ilikuwa ni aibu, Ayyo! Nilikuwa naona aibu! Mbona hukuniambia?"

Akainua uso, akanielekezea yale macho yake yaliyofifia.

"Na wewe mbona hukusema?"

Nawaambia nilichofanya, kwa sababu hicho ndicho kinachoniuma kuliko uongo wenyewe. Mama yangu alikuwa ametoka kuniambia kwamba alikosa mkono wa mtu usoni mwake. Alikuwa mbele yangu, sinia la mchele tu katikati. Nilichotakiwa ni kunyoosha mkono. Badala yake nikasimama, nikajipangusa pua, nikasema, "Ngoja nichemshe chai." Chai! Nikakaa jikoni mpaka nikatulia, nikatoka na vikombe viwili, tukanywa tukiongea habari za bei ya mchele. Nikajiambia kuna siku nyingine.

Ziliisha wiki tatu. Aliamka na maumivu ya kifua, na kufikia adhuhuri alikuwa ametuacha.

Kwetu maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na binti ana haki ya kuwemo. Adada alikuja kutoka Kinna, mzee sasa, akiegemea fimbo, akakaa kwenye kona analia kwa sauti kuliko sisi sote. Mwanamke aliyetuongoza alinipa kitambaa, akanionyesha miguu. Nikamwambia, tafadhali, nipe uso. Akanipisha. Nikamwekea mama kiganja chini ya taya, pale pale alipojigusa, na kichwa chake kikaniachia uzito wote. Nikamwosha paji la uso, mashavu, chini ya kidevu, polepole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka yule mwanamke akaniambia, "Inatosha, binti." Maji yalikuwa ya uvuguvugu na mikono yangu ilikuwa na joto. Uso wake ulikuwa baridi.